Subira na Kilo Mbili za Unga

Aliletwa na mtoto wa marehemu dada yake, katikati ya Oktoba 2019. Chumba cha ushauri nasaha nilichokuwa nikikitumia Likoni, Mombasa, hakikuwa mbali na kivuko, na feri ilipopiga honi mama huyu aliushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akaushikilia mpaka mlio ukaisha kabisa. Kisha akaomba radhi, akautengeneza mtandio wake, akasema, "Mimi si mgonjwa, mwanangu. Mwenye wasiwasi ni huyu."

Huyu alikuwa binti wa miaka 29, mwalimu wa chekechea, mtu wa kupanga maneno. Alinieleza kwamba mama yake mdogo halali, anakula matonge mawili anasukuma sahani, na mtu akitaja feri anaondoka barazani anaingia chumbani. Haya niliyaandika bila kushtuka, maana ndiyo ninayoyasikia kila wiki. Alipofika la mwisho sauti ikamshuka. "Na hajapika mahamri. Wiki mbili sasa. Tangu nipate akili zangu sijamwona akiruka siku mbili."

Nitamwita Mama Mdogo, kama wanavyomwita waliolelewa naye. Ameniruhusu niandike, na mambo kadhaa nimeyageuza ili asitambulike mtaani. Nayaandika kwa sababu ya swali nililoulizwa na karibu kila mtu wa ukoo wake, na hata na mwenzangu mmoja wa kazi hii ya ushauri nasaha: mwanamke aliyestahimili miaka 25 bila kutetereka, leo amepungukiwa na nini? Swali lile lilikuwa linachungulia kifuani mwake. Ilinichukua muda kuona kwamba kilichopungua hakikuwahi kukaa kifuani.

Asubuhi ya Mtongwe

Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa na watu takriban 400, wengi wao wakielekea kazini kisiwani. Waliokufa ni 272. Kwa mtu wa Mtongwe hesabu hii haina haja ya kutajwa; kila nyumba inajua wake.

Mama Mdogo alikuwa na miaka 21. Alikuwa akimsaidia fundi cherehani mjini, na dada yake, aliyemzidi miaka sita, alikuwa akisafisha ofisi. Asubuhi ile walikuwa wamegawana jozi moja ya leso, kila mmoja kajifunga yake juu ya gauni. Feri ilipolala upande, dada mtu aliikamata leso ya mdogo wake kiunoni. Leso ikafunguka. Mdogo alidakwa na mkono wa mwanamume asiyemjua mpaka leo, akapandishwa kwenye kitu kigumu, akasikia watu wakimpiga mgongoni ili atapike. Dada alipatikana siku ya tatu, leso ikiwa imejizungusha kwenye kifundo cha mkono.

Dada aliacha watoto wawili: kijana wa miaka saba na binti wa miaka minne. Baba yao alikuja matangani, akalia sana, akarudi bara. Hakurudi tena.

Siku tatu za matanga nyumba ilijaa. Siku ya nne watu walianua, wakabeba majamvi na masufuria yao, na kila aliyepita mlangoni alimshika mkono akamwambia neno lile lile: Mungu akupe subira. Mama Mdogo alinisimulia haya bila uchungu wowote, halafu akatia lake: "Subira nilipewa na kila mtu. Unga nililetewa na mmoja."

Huyo mmoja alikuwa somo yake, mwanamke aliyemfunda alipovunja ungo. Alikuja jioni ya siku ile ile ya nne na pakiti ya unga ya kilo mbili, hamira, iliki imefungwa kwenye karatasi, na nazi mbili. Akauliza watoto wamekula nini. Akachukua kibao cha mbuzi, akaketi, akakuna nazi mwenyewe. Kisha akamwekea Mama Mdogo bakuli mbele na kumwambia neno moja: "Kanda."

Siku ya tano asubuhi kulikuwa na karai la mahamri nje ya nyumba ya msiba. Majirani walinunua, na baadhi yao wakasema. Walisema hana uchungu, hata hajalia vizuri, dada hajakauka kaburini naye yuko kwenye biashara.

Maneno yale yalimkaa, na hadi tunakutana alikuwa bado anajiuliza kama kweli moyo wake una kasoro. Nilimweleza kwamba yapo maarifa juu ya jambo hili. George Bonanno, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 2004 akipinga dhana iliyokuwa imezoeleka, kwamba aliyefiwa asipoanguka basi anaficha kitu au hakupenda vya kutosha. Kwa maelezo yake, watu wengi wanaofikwa na msiba au balaa huendelea na maisha yao kwa kiwango kilicho karibu na kile cha mwanzo. Huumia, hulala vibaya, hulia wakiwa peke yao, na bado asubuhi wanafanya kazi. Hiyo ni njia ya kawaida ya binadamu, wala si maradhi yaliyojificha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na huyo Mmarekani aliishi na mashemeji?"

Saa tisa usiku

Nataka kukaa hapa kidogo, maana hapa ndipo kisa kilipo.

Mahamri yana saa zake. Unga hukandwa usiku kwa tui zito, sukari na iliki iliyotwangwa, ukafunikwa uumuke. Saa tisa za usiku Mama Mdogo huamka, anaupiga ngumi ushuke, anakata madonge, anasukuma, anakata pembetatu, anawasha jiko. Mafuta yakiwa baridi hamri hulala chini likanywa mafuta. Yakiwa moto mno hugeuka rangi kabla ya kufura. Huwezi kuyapika huku akili yako iko kwingine. Lazima ulitazame karai, ulisikilize, ugeuze kwa wakati. Adhana ya alfajiri humkuta ana sinia mbili tayari na mbaazi za nazi zinatokota pembeni.

Nilimuuliza kwa nini saa tisa, hali wenzake wengi huanza saa kumi. Akacheka kidogo, mara ya kwanza kumwona akicheka. "Ndoto ilikuwa inakuja saa tisa. Nikaona heri inikute niko macho, na karai mbele yangu."

Miaka 25 alikuwa akiwahi kuamka kabla ya ndoto yake. Hakuna mtaalamu aliyemfundisha. Mwaka ule wa 1994 istilahi yenyewe ya msongo wa baada ya kiwewe ilikuwa na miaka 14 tu tangu iingizwe kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, na kwa Mtongwe ilikuwa mbali kama mwezi. Yeye aliichunguza ndoto, akajua saa yake, akaiwekea kazi inayohitaji macho yote mawili. Unga nao ulimsaidia kwa tabia yake ya kutosubiri. "Unga hauningoji nimalize kulia," alisema. "Ukiumuka umeumuka."

Halafu kulikuwa na watoto. Kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu tumboni hadi utu uzima. Katika wale waliokuwa na mizigo mingi, umaskini, ugomvi wa nyumbani, mzazi mgonjwa, karibu theluthi moja walikua watu wazima wenye uwezo, wanaojiamini na wanaojali wengine. Jambo moja lililowatofautisha lilikuwa kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliye thabiti kwao, hata kama si mzazi. Watoto wa marehemu walimpata huyo. Mmoja leo ni mwalimu, mwingine fundi wa umeme huko Mtwapa. Ila mimi nikiusoma utafiti ule humtazama mtu mzima mwenyewe. Mtoto wa miaka minne anayeamka usiku akiita mama yake anahitaji kushikwa, na anayemshika hana nafasi ya kuzama. Nani alikuwa anamshika mwenziwe usiku ule sitaki kuamua.

Na somo yake alipita kila siku baada ya alasiri, miaka na miaka, akaketi kwenye mkeka, akanywa chai, akaondoka. Wakati mwingine hawakusema neno.

Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa na ghasia zikawaangukia watu wa bara waliokuwa wakiishi kusini ya kivuko, Mama Mdogo alimficha jirani yake na wanawe siku mbili. Aliwalisha mahamri yaliyolala, maana hakukuwa na wanunuzi. Moto aliuona na mayowe aliyasikia, na hakuanguka. Baadaye aliolewa, akazaa kijana mmoja, akaachika. Hapo aliniomba nisiandike zaidi.

Alichokuwa halipi

Lakini ingekuwa hadaa kuishia kwenye sifa. Tangu siku ile ya Aprili, Mama Mdogo hakukanyaga feri yoyote. Asiyekaa Mombasa huenda asielewe uzito wake. Kabla ya barabara ya Dongo Kundu, mtu wa kusini anayetaka kwenda kisiwani alikuwa na feri ya Likoni, au safari ndefu ya kuzunguka kupitia Kwale na Kinango mpaka atokee Mariakani. Kwa hiyo kwa miaka 25 mwanamke huyu hakuuona mji ambao taa zake huziona kila usiku kutoka uani kwake. Kijana wake alimzalia hospitali ya Msambweni, hakuzaa ile ya Makadara kisiwani. Harusi za jamaa Mji wa Kale alituma zawadi, na jamaa wakamwita mwenye maringo. Iliki yake, ambayo haikubali isipokuwa ya Marikiti, sokoni kisiwani, ilikuwa ikiletwa na watoto.

Vitabu vyetu huita haya kukwepa, na huyahesabu kuwa dalili. Sina ugomvi na vitabu. Ila nyumba nzima ilikuwa imejipanga kuzunguka ukwepaji huo kwa upole kiasi kwamba haukumgharimu kitu cha kila siku, na jambo lisilogharimu halionekani. Hakuna aliyewahi kumuuliza, "Kwani wewe mjini huendi?" Walidhani ni adabu. Na kwa kweli ilikuwa adabu. Ndiyo hiyo hiyo iliyomfungia upande mmoja wa maji.

Jumapili ya tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likateleza kutoka kwenye feri katikati ya mkondo wa Likoni, likazama na mama na bintiye wa miaka minne. Miili ilipatikana baada ya siku 13. Siku zote hizo mji mzima ulikuwa umesimama ukingoni kutazama maji, na aliyekuwa mbali alitazama kwenye simu. Mama Mdogo alihesabu. Tarehe 29, kama ile. Mtoto wa miaka minne, kama yule aliyeachiwa. Siku ya tatu ndiyo dada yake alipatikana, kwa hiyo siku ya tatu alikaa na redio tangu alfajiri. Jua likatua hawajapatikana. Siku ya nne aliumwaga unga uliokwisha umuka.

Ukoo ulisema ni ile ajali ya feri. Nami mwanzoni niliandika hivyo hivyo. Ila nilipomwomba binti anieleze nyumba ilivyokuwa kabla ya Septemba, picha ikawa nyingine. Somo yake alifariki mwanzoni mwa 2018. Mwaka huo huo binti aliolewa Kisauni, yaani feri na daraja la Nyali katikati, na kaka yake akahamia Mtwapa. Yule kijana wa mwisho alikuwa shule ya bweni. Mwanamke aliyeivuka 1997 na aliyeanguka 2019 ni yule yule. Waliokuwa kwenye mkeka ndio hawakuwapo.

Nilipokosea

Siku ya kwanza nilimwomba anisimulie yote toka mwanzo. Alisimulia vizuri sana, kwa mpangilio, kama mtu anayehesabu vyombo vilivyorudi kutoka shughulini. Nikajipongeza kimoyomoyo. Usiku wa tatu binti alinipigia simu: mama mdogo hajafumba jicho tangu atoke kwako.

Nilistahili. Kulikuwa na wakati ambapo watu walionusurika na balaa walikusanywa mapema na kutakiwa wamwage kila kitu kwa kikao kimoja, kwa imani kwamba kinachotoka hakitaoza ndani. Majaribio ya kitabibu yalipofanywa, ilionekana kikao cha namna hiyo hakimkingi mtu, na wengine huwazidishia. Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Niliyajua hayo. Kisa chake kilikuwa cha miaka 25, lakini kidonda kilichofunguka kilikuwa cha wiki tatu, na mimi nilikifanya kikao kile kile kwa jina jingine. Nadhani sisi wa kazi hii tuna uchu wa hadithi, na tunausingizia kuwa ni matibabu.

Nikarudi nyuma. Kikao cha pili sikumuuliza neno juu ya maji. Nilimuuliza saa tisa anafanya nini siku hizi. "Nalitazama dari," akasema. Nikamuuliza pia, wazi wazi, kama huwa anatamani kufa. Akanyamaza, kisha akasema huwa anatamani alale asiamshwe. Hakuwa na mpango wowote wa kujidhuru, na nilihakikisha. Alikuwa anaogopa kulisema kwa sababu alisikia mtu anaweza kufungwa. Na kweli wakati huo kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kifungu ambacho Mahakama Kuu ilikitangaza kinyume cha katiba Januari 2025. Nilimweleza kwamba kusema anatamani kulala si kosa la mtu yeyote. Wiki hiyo hiyo tulimwona daktari wa akili, akampa dawa, akamfuatilia kwa miezi kadhaa.

Mengine tuliyoyafanya ni ya kawaida mno. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 mwongozo wa vikao vitano ambao hata mtu asiye mtaalamu anaweza kufundishwa kuutumia, na ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ukiongozwa na wahudumu wa afya ya jamii. Mna mambo manne: kutuliza mwili kwa pumzi, kukabili tatizo moja dogo linalotatulika, kurudia shughuli kidogo kidogo, na kuimarisha watu wa karibu. Haukuundwa kwa kisa kama hiki hasa, lakini nilichukua nilichokihitaji. La pumzi hakulipenda. Alisema anahisi kama anafundishwa kupumua na mtoto. Akatoa tasbihi yake, akaivuta punje moja moja, taratibu, 33, 33, 33, na mabega yakashuka mbele ya macho yangu. Sikuona haja ya kushindana na tasbihi.

Kikao cha shughuli nacho kilikuwa nusu kilo ya unga. Si ya kuuza. Ya nyumba tu, aikande usiku, aamke saa tisa aipike, hata kama ataigawa yote. Binti aliamua kuja kila Ijumaa alale mpaka Jumapili. Na wanawake wa chama chake waliokuwa wakikutania kwa mwenyekiti wakahamishia mkutano uani kwake. Hilo walilipanga wenyewe, mimi niliambiwa baadaye.

Niseme pia kwamba ukoo ulimfanyia kisomo, kwa kuwa wapo walioamini ni jini la bahari. Mwenzangu mmoja alikunja uso. Mimi niliuliza ilikuwaje. Ilikuwa hivi: walikuja wanawake kumi na wawili, wakasoma, wakapika, wakachelewa, wakalala pale pale sebuleni wamebanana. Mama Mdogo alilala saa sita mfululizo.

Fundo

Kikao cha sita, Desemba, aliomba binti akae ndani. Alikuwa na jambo, akasema, na mwenye haki ya kulisikia kwanza si mimi.

Alizungumza akilitazama dirisha. Alisema dada alipoishika leso, alihisi inamvuta chini. Alisema mkono wake mwenyewe ulikwenda kiunoni. "Sijui kama fundo lilifunguka lenyewe au nililifungua." Akarudia. "Sijui kama nilimfungua mamako."

Jambo hili alikuwa amemwambia mtu mmoja tu maishani, somo yake, mwaka 1994, jioni ile ya unga. Somo hakumjibu. Alimwekea bakuli. Na kwa miaka 24 kulikuwa na mtu mmoja duniani anayelijua na bado anakuja kunywa chai baada ya alasiri. Nilipolisikia hilo ndipo nilipoelewa kifo cha 2018 kilichukua nini.

Mimi nilikuwa na maneno yangu tayari, yale tunayofundishwa, kuhusu hatia ya aliyenusurika. Bahati nzuri binti aliniwahi. Alikuwa amenyamaza muda mrefu, machozi yanamtoka bila sauti, macho yake yako kiunoni kwa mama yake mdogo. Akasema polepole, "Lakini, mama mdogo, wewe hufungi fundo. Wewe unachomeka."

Mama Mdogo akatazama chini. Leso ilikuwa imezungushwa kiunoni na ncha yake kuchomekwa kwa ndani, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake, kama alivyofundishwa na huyo dada. Akaishika ile ncha kwa vidole viwili, akaivuta kidogo tu. Leso ikaanguka miguuni.

Hakuna aliyesema kitu. Binti akainama, akaiokota, akamzungushia tena, akamchomekea.

Kumbukumbu si picha iliyofungiwa sandukuni. Kila tukiitoa tunaigusa, na mwenye kujilaumu huigusa kwa mkono wa lawama. Miaka 25 ilikuwa imempa fundo ambalo huenda halikuwepo. Sikumwambia hana hatia, na ncha ile ya leso haithibitishi lolote mbele ya hakimu. Nilichokiona ni kwamba aliondoka akiwa ametangulia mbele, binti nyuma, na honi ya feri ilipolia aligeuza kichwa tu. Vitabu vyote nilivyosoma kuhusu hatia visingenieleza namna mwanamke wa Mtongwe anavyovaa leso.

Januari 2020 alianza kuuza tena, sinia moja badala ya mbili.

Linaelea

Mwaka ule ulileta korona na msongamano wa kivuko ukawa hatari ya namna nyingine. Serikali ikajenga daraja la waenda kwa miguu linaloelea, kutoka Liwatoni kisiwani hadi Ras Bofu upande wa Likoni, na mwanzoni mwa 2021 watu wakaanza kulitumia. Siku moja Mama Mdogo alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Anataka kulitazama.

Nilimwambia mapema kwamba daraja lile nalo linaelea, nisije nikaonekana nimemhadaa. "Najua," akasema. "Linaelea, lakini haliondoki."

Siku ya kwanza tulisimama Ras Bofu tukatazama, tukarudi. Siku ya pili alitembea hatua alizozihesabu mwenyewe, akageuka. Siku ya tatu binti alikuja, wakashikana, nami nikafuata nyuma. Katikati, pale maji yanapopita chini na mtu anahisi kachezwa kidogo, alisimama. Watu walitupita na mizigo yao, mmoja akanung'unika tunaziba njia. Alivuta punje za tasbihi, sijui ngapi. Kisha akatembea mpaka Liwatoni.

Mpaka leo hajapanda feri, na sijamsukuma apande. Kila Aprili ndoto hurudi siku mbili tatu, na siku hizo binti hulala kwake. Ukimuuliza kama amepona atakuuliza kupona ndiyo nini.

Siku ile ya Liwatoni tulichukua tuktuk mpaka Marikiti. Alishuka akatazama huku na huku, akasema mbona pamekuwa padogo. Akaenda moja kwa moja kwenye viungo, akachukua iliki kiganjani, akainusa, akaipasua moja kwa jino, akauliza bei. Muuzaji akamtajia. Mama Mdogo akanyamaza. Akauliza tena, akatajiwa ile ile. Akageuka akamtazama binti, binti akatazama pembeni, akasema yeye hahusiki, muulize mwanao.

Akahesabu kwa vidole, akirudi nyuma mwaka hadi mwaka, midomo inacheza. Kisha akaninyooshea mkono.

"Mwanangu, hebu nipe simu yako. Kuna kijana wangu nataka kumuuliza habari ya iliki."